Kujenga seva ya kuiwezesha modeli ya lugha kufikiri kwa hatua zinazokaguliwa

Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, alitaka kujua kama atapata faida akinunua mifuko 200 ya kilo 25 kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kuileta mjini. Tuliipa modeli ya lugha, yaani programu ya aina ya ChatGPT, swali lake pamoja na bei zote. Tarakimu nitakazozitumia hapa nimezifanya nyepesi ili msomaji aweze kuzifuata kwa kalamu: mfuko unanunuliwa kwa dola 14, usafiri na gharama za njiani ni dola 1.5 kwa mfuko, dola moja ni franka 2,850, na mfuko unauzwa Katuba kwa franka 45,000. Kwa hesabu hiyo mfuko unamgharimu dola 15.5, yaani franka 44,175, na faida ni franka 825 kwa mfuko, au franka 165,000 kwa mzigo mzima. Modeli ilifika hapo bila kukosea. Kisha mama akaeleza kwamba asubuhi ile wabadilishaji pesa wa barabarani walikuwa wanauza dola kwa franka 2,950. Modeli ikakubali, ikaandika kiwango kipya, ikaandika gharama mpya ya franka 45,725 kwa mfuko, halafu mwishoni ikamhakikishia tena kwamba faida yake ni franka 165,000. Ukweli ni kwamba kila mfuko sasa ungemtia hasara ya franka 725, na mzigo mzima ungemla franka 145,000.

Kosa hilo halikuwa la kujumlisha wala la kuzidisha. Modeli ilibadilisha msingi wa nyumba bila kuangalia kuta zilizosimama juu yake. Nimeandika mwongozo huu kwa wenzangu wanaoandika programu, wale wanaojua Python kiasi na wanaotaka kuziweka modeli za lugha mikononi mwa watu ambao pesa yao ni ya kula leo, ili waweze kujenga seva ndogo inayozuia kosa la namna hiyo.

Kazi ya seva ni ipi

Ni lazima jambo hili lieleweke kabla ya kuandika mstari wowote wa msimbo: seva haifikiri. Modeli ndiyo inayofikiri, kwa kadiri neno hilo linavyoweza kutumika kwa mashine. Seva inatunza daftari la hatua, inakagua yale yanayoweza kukaguliwa kwa kanuni, na inakataa yale yasiyolingana. Mtu anayetarajia kwamba seva itaifanya modeli dhaifu kuwa na akili atasikitika. Lakini mtu anayetaka hitimisho lisitolewe juu ya hatua iliyokwisha kubadilishwa atapata anachokitafuta.

Wazo la kuiomba modeli iandike hatua zake kabla ya jibu lilienea mwaka 2022, pale Jason Wei na wenzake wa Google walipoonyesha kwamba modeli kubwa zinajibu vizuri zaidi maswali ya hesabu zikipewa mifano yenye hatua za katikati. Mwaka 2023 Shunyu Yao na wenzake wakaendeleza njia ya matawi, ambamo modeli inajaribu njia kadhaa na kurudi nyuma pale njia moja inapoziba. Leo modeli nyingi zimefunzwa kufikiri kwa urefu zenyewe kabla ya kujibu, na kwa sababu hiyo wapo wanaosema kwamba zana za kupanga fikra hazihitajiki tena. Mimi sikubaliani nao. Fikra ya ndani ya modeli hupotea kikao kinapokwisha, haikaguliwi na programu nyingine, na watafiti wameonyesha kwamba maelezo inayoyatoa modeli si lazima yawe ndiyo sababu ya kweli ya jibu lake. Daftari la seva nalo halifungui dirisha la kuona ndani ya modeli, lakini linampa mtu wa tatu maandishi yanayoweza kuhakikiwa mstari kwa mstari, hata kama huyo mtu ni mama wa Katuba na kikokotoo cha simu yake.

Itifaki na zana

Njia iliyo rahisi leo ya kuiunganisha seva na modeli ni itifaki ya MCP (Model Context Protocol), yaani kanuni za mazungumzo kati ya modeli na programu nyingine, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024 na ambayo programu nyingi za kuendeshea modeli zimeikubali. Ujumbe wake umejengwa juu ya JSON-RPC 2.0, muundo wa kutuma maombi na majibu kwa maandishi ya JSON. Kwanza programu inayoiendesha modeli hutuma ombi la `initialize`, seva hujibu kwa kutaja toleo la itifaki na uwezo wake, programu hutuma taarifa ya `notifications/initialized`, na kuanzia hapo inaweza kuuliza orodha ya zana, yaani kazi ambazo modeli inaweza kuziomba seva, kwa `tools/list` na kuita zana moja kwa `tools/call`. Seva inaweza kuzungumza kwa njia mbili: kwa mkondo wa kawaida wa kuingiza na kutoa wa programu iliyo kwenye kompyuta hiyo hiyo, au kwa HTTP. Anza na ile ya kwanza, kwa kuwa haihitaji mtandao wala ufunguo wa siri, na haili mega za intaneti.

Zana ziwe chache. Maelezo ya kila zana husomwa na modeli katika kila mazungumzo, na kila neno hapo ni tokeni, yaani vipande vya maneno, zinazolipiwa. Seva yangu ya kwanza ilikuwa na zana kumi na mbili, na modeli ilikuwa inachanganya tatu kati yake kila mara. Sasa zimebaki sita: `fungua_kikao`, `andika_hatua`, `kokotoa`, `rekebisha_hatua`, `onyesha_daftari` na `funga_kikao`. Zana ya matawi niliiondoa, kwa sababu katika maswali ya biashara na ya ujenzi ninayoyapata, kufungua kikao cha pili kwa njia ya pili kunatosha na kunasomeka vizuri zaidi.

Ukitumia maktaba rasmi ya Python, zana inaandikwa kama kazi (function) ya kawaida, na maktaba yenyewe huunda skima ya JSON, yaani maelezo ya muundo wa vigezo, kutokana na aina ulizozitaja:

```
from typing import Literal
from mcp.server.fastmcp import FastMCP

seva = FastMCP("daftari")

@seva.tool()
def andika_hatua(
    kikao: str,
    aina: Literal["taarifa", "dhana", "hitimisho"],
    maelezo: str,
    misingi: list[int],
    thamani: str = "",
    kipimo: str = "",
) -> dict:
    """Andika hatua moja tu. Taja kwenye misingi namba za hatua
    zote ambazo hatua hii inazitegemea. Kwa hesabu tumia kokotoa."""
    return hifadhi(kikao, aina, maelezo, misingi, thamani, kipimo)

if __name__ == "__main__":
    seva.run()
```

Tazama kwamba nimetenganisha taarifa na dhana. Taarifa ni kitu ambacho mtumiaji amekisema au ambacho kimesomwa mahali panapojulikana. Dhana ni kitu ambacho modeli imekiweka yenyewe ili iweze kuendelea. Katika lugha ya kila siku mambo hayo mawili huvaa nguo moja, na msomaji hawezi kuyatofautisha. Mama wa Katuba hakuwahi kusema kwamba hakuna mfuko utakaopasuka njiani. Modeli ndiyo iliyodhani hivyo kimyakimya. Modeli ikilazimishwa kuchagua neno moja kati ya matatu, dhana nyingi hujitokeza mwangani, na nimeona mara nyingi kwamba hilo peke yake linaboresha jibu kuliko maelekezo marefu ya kuiomba iwe makini.

Usiandike `print` popote katika seva inayotumia mkondo wa kawaida. Mkondo huo wa kutoa ni wa itifaki pekee, kila ujumbe ukiwa mstari mmoja wa JSON, na neno lolote la ziada linaharibu mazungumzo. Nilipoteza jioni nzima nikiutafuta ugonjwa ambao ulikuwa mstari mmoja wa `print` niliousahau. Kumbukumbu za kazi (logs) zielekezwe kwenye mkondo wa makosa au kwenye faili.

Hatua iliyochakaa

Hapa ndipo moyo wa seva ulipo, na ningeomba msomaji asipite haraka. Kila hatua inapewa namba, na kila hatua inataja namba za hatua inazozitegemea. Hifadhidata ya SQLite inatosha kabisa kwa kazi hii:

```
CREATE TABLE hatua (
  namba   INTEGER PRIMARY KEY,
  kikao   TEXT NOT NULL,
  aina    TEXT NOT NULL,
  maelezo TEXT NOT NULL,
  kanuni  TEXT,
  thamani TEXT,
  kipimo  TEXT,
  hali    TEXT NOT NULL DEFAULT 'hai'
);

CREATE TABLE tegemeo (
  hatua  INTEGER NOT NULL REFERENCES hatua(namba),
  msingi INTEGER NOT NULL REFERENCES hatua(namba),
  PRIMARY KEY (hatua, msingi)
);
```

Turudi kwenye unga. Hatua ya 1 ni bei ya kununua, ya 2 ni usafiri, ya 3 ni kiwango cha kubadilisha dola, ya 4 ni bei ya kuuza, na ya 5 ni idadi ya mifuko. Hizo tano ni taarifa na hazitegemei kitu. Hatua ya 6 inajumlisha ya 1 na ya 2 ili kupata gharama kwa dola. Ya 7 inazidisha ya 6 kwa ya 3. Ya 8 inatoa ya 7 kwenye ya 4. Ya 9 inazidisha ya 8 kwa ya 5. Na ya 10 ni hitimisho linalosimama juu ya ya 9. Mama anapoleta kiwango kipya, modeli inaita `rekebisha_hatua` kwa namba 3. Seva haifuti chochote: inaandika hatua ya 11 yenye franka 2,950, inaipa hatua ya 3 hali ya "imebadilishwa", halafu inafuata mnyororo wa utegemezi na kuzipa hali ya "imechakaa" hatua za 7, 8, 9 na 10. Hatua ya 6 inabaki hai, kwa kuwa bei ya dola kwa franka haigusi jumla iliyo kwa dola. Kazi yote hiyo inafanywa na ombi moja:

```
WITH RECURSIVE athirika(namba) AS (
  SELECT hatua FROM tegemeo WHERE msingi = ?
  UNION
  SELECT t.hatua FROM tegemeo t
  JOIN athirika a ON t.msingi = a.namba
)
UPDATE hatua SET hali = 'imechakaa'
WHERE hali = 'hai' AND namba IN (SELECT namba FROM athirika);
```

Nimetumia `UNION` na si `UNION ALL` kwa makusudi, kwa sababu ya kwanza huondoa marudio, na hivyo ombi litafika mwisho hata kama kwa bahati mbaya utegemezi umejizungusha. Hata hivyo ni bora kuuzuia mzunguko tangu mwanzo kwa kukataa hatua yoyote inayotaja msingi wenye namba sawa na yake au kubwa kuliko yake. Kumbuka pia kwamba SQLite haisimamii `REFERENCES` mpaka uamrishe `PRAGMA foreign_keys = ON` katika kila muunganisho; wengi hawalijui hilo, na madaftari yao yanajaa hatua zinazotegemea namba ambazo hazipo.

Baada ya marekebisho, seva inairudishia modeli orodha ya hatua zilizochakaa, na `funga_kikao` inakataa kufunga endapo hitimisho linasimama, moja kwa moja au kwa kupitia nyingine, juu ya hatua isiyo hai. Modeli haina njia ya kumpa mama zile franka 165,000 kwa muhuri wa daftari. Itabidi irudie hesabu ya gharama, ya tofauti na ya jumla, na hapo itakutana na hasara uso kwa uso.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini seva isirudie hesabu hizo yenyewe, ikiwa kanuni zote imeziandika. Ingeweza, na kwa hesabu za kawaida ingekuwa sahihi. Nimechagua isifanye hivyo kwa sababu msingi unapobadilika, mara nyingi si tarakimu tu zinazobadilika bali hata swali lenyewe. Faida ikigeuka hasara, jibu lenye msaada si kusema "hasara franka 145,000" na kunyamaza, bali ni kuangalia kama mama aongeze bei, angoje dola ishuke, au anunue mjini. Modeli inayolazimika kupita tena kwenye kila hatua hupata nafasi ya kuyaona hayo.

Hesabu, vipimo na alama ya mkato

Zana ya `kokotoa` inapokea kanuni kama `h6 * h11`, ambamo `h6` ni thamani ya hatua ya 6. Kwa njia hiyo utegemezi haungojei uaminifu wa modeli, kwa kuwa seva inausoma ndani ya kanuni. Usitumie `eval` ya Python kwa kazi hii hata siku moja, kwa sababu inatekeleza chochote kilichoandikwa, na maandishi ya modeli yanaweza kuwa yametoka kwenye waraka wa mtu usiyemjua. Tumia moduli ya `ast` kuichambua kanuni, kisha ruhusu majina ya hatua, tarakimu, mabano na alama nne za hesabu pekee. Alama ya kipeo niliiacha nje, kwani kanuni fupi kama `9**9**9` inatosha kuifanya kompyuta ikose pumzi. Pesa ikokotolewe kwa `Decimal`, kwa kuwa katika tarakimu za kawaida za kompyuta 0.1 ukijumlisha na 0.2 unapata 0.30000000000000004.

Vipimo ndivyo vilivyonisaidia kuliko nilivyotarajia. Sisi tunaishi na sarafu mbili mfukoni: kodi ya nyumba inatajwa kwa dola, nyanya kwa franka, na katika sentensi moja mtu anaweza kuruka kutoka moja hadi nyingine bila kuitaja. Kila thamani katika daftari ina kipimo chake, nacho kinahifadhiwa kama orodha ya majina na vipeo. Dola kwa mfuko ni dola yenye kipeo 1 na mfuko wenye kipeo hasi 1. Kuzidisha kunajumlisha vipeo, kugawanya kunavitoa, na kujumlisha au kutoa kunaruhusiwa tu pale vipimo vinapofanana kabisa. Dola kwa mfuko zikizidishwa kwa franka kwa dola zinatoa franka kwa mfuko, na dola zinajifuta zenyewe. Modeli ikijaribu kuitoa gharama iliyo kwa dola kwenye bei iliyo kwa franka, seva inakataa papo hapo. Kanuni hiyo haizidi mistari arobaini ya Python.

Lipo pia suala la alama, ambalo kwetu si dogo. Shuleni tumefundishwa kwa Kifaransa kuandika 15,5 kwa mkato, na maelfu kwa nafasi au kwa nukta, ilhali Python inataka nukta kwa sehemu ya kumi. Mtumiaji akiandika kiwango cha dola kuwa 2.850, Python itasoma mbili na sehemu zake, na mfuko wa unga utagharimu franka 44. Kwa hiyo seva yangu inakataa mkato wowote katika thamani, na inakataa pia nukta inayofuatwa na tarakimu tatu kamili. Ni ukali, lakini kuomba ufafanuzi mara moja ni nafuu kuliko kukosea mara elfu.

Maneno ya kukataa

Itifaki ina namna mbili za kueleza kosa. Ya kwanza ni kosa la JSON-RPC lenye namba, kwa mfano -32601 kwa njia isiyojulikana na -32602 kwa vigezo visivyo sahihi. Hilo ni la programu, na si hakika kwamba modeli italiona. Ya pili ni jibu la kawaida la zana lenye alama ya `isError`, ambalo modeli huletewa na inaweza kujirekebisha kwa kulisoma. Makosa yote ya fikra yapite katika njia ya pili, na katika maktaba ya Python inatosha kutupa hitilafu ndani ya zana yenye maneno uliyoyachagua.

Maneno hayo yaandikwe kwa uangalifu kama unavyomwandikia mwanafunzi. Kusema "thamani si sahihi" hakumfundishi mtu chochote, na modeli itajaribu tena kosa lile lile kwa sura nyingine. Mimi naandika hivi: "Hatua haikuandikwa. Thamani 2.850 ina maana mbili: elfu mbili mia nane na hamsini, au mbili nukta nane tano. Andika 2850 au 2.85." Ujumbe unasema kwanza kilichotokea, kisha sababu, kisha njia ya kutoka. Kwa hitimisho linalosimama juu ya hatua iliyochakaa, taja namba ya hatua iliyo karibu zaidi na mzizi, kwa sababu modeli ikianza kurekebisha kutoka juu itazunguka.

Majibu ya zana yaandikwe kwa herufi zake halisi. `json.dumps` ya Python, isipoambiwa `ensure_ascii=False`, hugeuza kila é ya Kifaransa kuwa alama sita, na maelezo ya wateja wetu yamejaa maneno ya Kifaransa yanayochanganywa na Kiswahili. Tokeni zinaongezeka bila faida yoyote.

Umeme ukikatika

Anayeandika seva mahali ambapo umeme haukatiki anaweza kuziweka hatua katika kumbukumbu ya muda na kuzihifadhi mwishoni. Lubumbashi hairuhusu anasa hiyo. Kila hatua iandikwe kwenye diski kabla modeli haijajibiwa kwamba imeandikwa, na marekebisho pamoja na uchakavu wote yawe katika muamala mmoja, yaani yaandikwe yote au yasiandikwe kabisa, ili isitokee kwamba kiwango kipya kimeingia huku faida ya zamani ikiwa bado hai.

SQLite ina hali ya WAL, ambamo mabadiliko huandikwa kwanza katika faili la pembeni, iliyokuja na toleo la 3.7.0 mwaka 2010, ambayo inaruhusu kusoma wakati wa kuandika. Mafunzo mengi yanashauri kuitumia pamoja na `synchronous=NORMAL` kwa ajili ya kasi. Katika mpangilio huo faili haliharibiki umeme unapokatika, lakini miamala ya mwisho inaweza kupotea, na hatua ya mwisho kabla ya giza ndiyo mara nyingi yenye marekebisho. Baki na `synchronous=FULL`. Kasi unayoipoteza haionekani, kwa sababu modeli yenyewe hutumia sekunde nzima kutunga hatua moja.

Muunganisho ukikatika katikati, programu inaweza kutuma tena ombi lile lile bila kujua kwamba la kwanza lilifika. Kwa hiyo, kabla ya kuandika, seva ilinganishe hatua mpya na ya mwisho ya kikao hicho. Zikiwa sawa kwa kila kitu, irudishe namba ile ile badala ya kuandika hatua ya pili.

Siku utakapotaka wenzako wa Likasi au Kolwezi waitumie seva hiyo hiyo, utahamia HTTP, na hapo ulinzi unakuwa wajibu. Seva ya majaribio isikilize 127.0.0.1, anwani ya kompyuta yenyewe, peke yake. Itifaki inataka kichwa cha `Origin`, kinachotaja tovuti lilikotoka ombi, kikaguliwe katika kila ombi, kwa kuwa bila hivyo tovuti ya hila iliyofunguliwa kwenye kivinjari inaweza kuifikia seva iliyo ndani ya kompyuta yako. Daftari la biashara ya mtu lina bei zake na faida yake. Lilinde kama unavyolilinda boksi lake la pesa.

Majaribio

Jaribu zana zote kwa mkono kabla ya kuileta modeli. Programu ya MCP Inspector inaonyesha orodha ya zana na kukuwezesha kuziita moja moja kwa kujaza nafasi, na kosa la skima linaonekana hapo mapema. Andika kikao cha unga chote kwa mikono yako, badilisha hatua ya 3, kisha uhakikishe kwamba hatua ya 6 imebaki hai na kwamba `funga_kikao` inakataa. Jaribu kujumlisha dola na franka. Jaribu 2.850. Jaribu kutaja msingi namba 400.

Kisha ilete modeli, na usome madaftari yake yote ya wiki ya kwanza, bila kuruka hata moja. Utakuta kwamba inapenda kuandika hatua tatu ndani ya moja, au kuita taarifa kile ambacho ni dhana. Marekebisho ya hayo yafanywe katika maelezo ya zana, kwa neno moja au mawili, na si kwa kuongeza zana ya saba. Nimeweka kikomo cha hatua 40 kwa kikao, kwa kuwa modeli inayozidi hapo huwa imeanza kujirudia.

Jaribio la mwisho ni la giza. Kuiua programu kwa `kill -9` kunapima programu tu, kwa sababu mfumo wa kompyuta unabaki hai na unamalizia kuandika. Umeme unaokatika hauachi nafasi hiyo. Chukua kompyuta isiyo na betri, anzisha kikao kirefu, na uchomoe waya katikati ya marekebisho. Umeme ukirudi, ita `onyesha_daftari`. Ama kiwango kipya kipo na hatua zote zinazokitegemea zimechakaa, ama kiwango cha zamani kipo na hatua zote bado hai. Ukikuta hali ya tatu, muamala wako una ufa, na modeli isubiri mpaka uuzibe.